Ada Yangu Niliilipa kwa Ulimi

Watu wakiniuliza nilisomaje ualimu enzi za Mwingereza, wakati wasichana wengi wa kwetu waliishia darasa la nne wakarudi kupalilia ulezi, huwa hawasubiri jibu langu. Wananijibia wenyewe: "Si misheni ilikusaidia?" Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, na sasa nina wajukuu, lakini bado likitamkwa damu inanichemka. Nilifanya kazi. Nilifanya kazi miaka miwili na nusu, na kazi hiyo ikaitwa msaada na watu walewale walioitumia.

Nyumbani kwetu kulikuwa chini ya Vwawa, upande wa kuelekea Tunduma. Baba alikuwa Mnyiha na mama Mnamwanga kutoka Momba, kwa hiyo nilikua na lugha mbili kinywani kabla sijajua kwamba ni mbili. Nilipokuwa darasa la tano, baba alivuka mpaka kwenda migodini, Rhodesia ya Kaskazini, kama walivyofanya wanaume wengi wa kijijini. Mwanzoni zilikuja barua, na mara moja ikaja blanketi. Baadaye hakikuja kitu. Mama alibaki na miche ya kahawa ambayo ilikuwa haijaanza kuzaa, na sisi watoto wanne.

Barua ya kunikubali chuo cha walimu wa kike, kule juu milimani, ilisomwa na mzee wa kanisa letu. Aliisoma mpaka kwenye ada, akamtazama mama. Kisha akageuza karatasi.

"Hapa nyuma wanasema kuna nafasi za kazi," akasema. "Msichana asiye na ada anaweza kufanya kazi chuoni, saa mbili kwa siku, baada ya masomo."

"Kazi gani?" mama akauliza.

"Hawakuandika."

"Kama ni kazi, anaijua," mama akasema, na jambo likaisha hapo.

Mkuu wa chuo alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kila neno limenyooka kama mstari wa rula. Tulimwita Bibi Mkuu. Siku niliyofika alinisimamisha mbele ya meza yake akaniambia: "Utafanya kazi saa mbili kila siku baada ya masomo. Hiyo ndiyo ada yako. Hutadaiwa kitu kingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

Niseme kweli, nilitoka ofisini nimefurahi. Nilijiona mtu mzima aliyepatana na mtu mzima mwenzake.

Furaha hiyo ilidumu mpaka chakula cha jioni. Tulikuwa wasichana sita wa kazi, na kila mmoja alipewa aproni ya kaniki. Nilidhani ni ya kukinga nguo wakati wa kazi. La. Tulitakiwa kuivaa hata mezani, kwa sababu tuliwapakulia wenzetu kwanza na kula baada yao, kile kilichobaki. Wenzetu walikuwa na magauni meupe, sisi juu ya magauni yetu meupe tulikuwa na kaniki. Haikupita wiki tukapata jina. "Wa kaniki, leteni maji!" Aliyelianzisha alikuwa binti wa karani, msichana ambaye darasani alikuwa akinakili hesabu zangu. Bibi Mkuu alilisikia jina hilo siku moja akipita mlangoni. Alitabasamu, kama mtu aliyesikia watoto wakitaniana, akaendelea na safari yake.

Rafiki yangu wa kitanda cha pili alikuwa Mndali kutoka milima ya Ileje, naye wa kaniki kama mimi. Alipangwa jikoni. Mikono yake ilinuka moshi hata Jumapili, na alikuwa na tabia ya kunong'ona masomo huku akikoroga uji, mpaka mpishi akadhani anasali.

Mimi nilianza kwa kufua mashuka. Muhula wa pili ndipo Sista aligundua kwamba ninajua Kinyiha na Kinamwanga.

Sista alikuwa muuguzi wa Kizungu aliyesimamia zahanati ya misheni, ng'ambo ya uwanja wa chuo. Alijua Kiingereza chake na Kiswahili kidogo cha kuamrisha. Dresa wake, yule wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alitoka Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, lakini wagonjwa wetu wengi, hasa kina mama, hawakukijua. Wanyiha walitoka mashamba ya jirani, Wanamwanga walibebwa kutoka bondeni Momba safari ya siku mbili. Walifika wanaumwa, wakaulizwa maswali, wakabaki wanatazama. Basi nikaondolewa kwenye mashuka nikapelekwa zahanati kuwa mkalimani.

Niliipenda kazi ile, na hilo pia lazima niliseme. Nilijifunza kuuliza maumivu yalipo na yalianza lini. Nilijifunza pia kwamba maneno ya Sista hayawezi kupita kwenye kinywa changu kama yalivyotoka kwake. Alikuwa hodari wa kazi lakini hakuwa na subira. Mama mmoja alileta mtoto aliyekauka kwa kuhara, Sista akapandwa na hasira. "Mwambie ni mjinga. Mwambie mtoto amekuwa hivi kwa uvivu wake."

Nilimgeukia yule mama nikamwambia kwa Kinyiha: "Sista anakupa pole kwa safari. Anauliza mtoto alianza kuhara lini."

Akajibu bila kuficha kitu, mtoto akapewa dawa, akapona. Sista aliniambia kwamba ninafanya kazi vizuri, wananijibu haraka. Sikumweleza sababu.

Shida ni kwamba wagonjwa hawakufuata saa za chuo. Kwanza niliitwa mara moja katikati ya somo, kwa kijikaratasi alicholeta mlinzi wa zahanati. Kisha mara mbili kwa wiki. Kisha ikawa mwalimu wa hesabu akimwona mlinzi dirishani ananiashiria tu nitoke, bila kusoma karatasi. Jioni saa zangu mbili zilinisubiri vilevile, kana kwamba asubuhi sikufanya kitu. Rafiki yangu Mndali alinisomea yale niliyokosa, yeye akiwa amechoka kuliko mimi.

Nilikwenda kwa Bibi Mkuu. Nilikwenda kwa adabu, nimefunga mikono mbele.

"Bibi, ninaitwa zahanati wakati wa masomo. Tulipatana baada ya masomo."

Alivua miwani. "Wagonjwa hawachagui saa," akasema. "Na Mkristo hachagui saa ya kusaidia. Unataka nimwambie Sista awaache watu wafe kwa sababu wewe una hesabu?"

Nilisema hapana, Bibi. Ningesema nini? Nawaomba wasomaji wayashike maneno hayo, kwa sababu mwenyewe aliyeyasema hakuyashika.

Mwisho wa mwaka wa pili Inspekta wa elimu alikuja kutoka Mbeya kutuona tukifundisha. Huo ndio uliokuwa mtihani wenyewe. Mtu aweza kuwa wa kwanza kwa kalamu, lakini bila somo hilo mbele ya Inspekta hapati cheti. Kila mmoja alipewa saa yake katika shule ya mazoezi. Mimi niliandikiwa saa nne asubuhi, darasa la pili, somo la kuota kwa mbegu. Nilikuwa nimeotesha maharage kwenye vitambaa vibichi, kila siku mapya, ili watoto waone lile lisiloota, lililopasuka, lililotoa mzizi na lililotoa jani, yote kwa mstari mmoja. Nilikuwa nimeyapanga kwenye sahani, nimeyafunika na karatasi.

Saa mbili na nusu mlinzi akaja dirishani.

Nilitoka kumwambia Sista mwenyewe kwamba leo haiwezekani. Nilipofika nilikuta machela barazani na wanaume wanne wamekaa chini, miguu imejaa vumbi la bondeni. Ndani alikuwa mwanamke wa Momba, mdogo, pengine rika langu, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi. Mama mkwe wake alikuwa amesimama ukutani, midomo imekauka.

"Sista," nikasema, "saa nne nina mtihani. Inspekta ameshafika."

Hakuinua macho. "Nusu saa tu. Mwulize chupa ya uzazi ilipasuka lini."

Nikauliza. Yule mwanamke alisikia Kinamwanga kinatoka kwangu, akanishika mkono, na tangu hapo hakuuachia. Sista akasema asisukume, nikasema usisukume. Sista akasema apumue, nikasema pumua, dada, pumua taratibu. Kila neno lilitakiwa palepale. Nusu saa ikapita, kisha nyingine. Nikasikia kengele ya saa nne kutoka shuleni.

"Sista, kengele."

"Ukiondoka, nani atamwambia?"

Nilimtazama dresa. Dresa akatazama sakafu. Ilikuwa kweli, hapakuwa na mtu mwingine, na ule mkono ulikuwa umenikamata mpaka vidole vyangu vimekufa ganzi. Nikabaki. Sikulazimishwa kwa kamba. Nikabaki kwa sababu ningekuwa mtu gani kama ningeondoka?

Mtoto alizaliwa saa sita mchana imeshapita. Wa kike, mkubwa, amekasirika, analia. Mama mkwe alipiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Mimi nilikimbia.

Darasa la pili lilikuwa tupu, watoto wamekwenda nyumbani. Sahani yangu ya maharage ilikuwa juu ya meza, bado imefunikwa. Nikakimbia mpaka nyumbani kwa Bibi Mkuu, nikamkuta barazani anakunywa chai na Inspekta. Bibi Mkuu alitazama aproni yangu, iliyokuwa na damu.

"Tazama unavyokuja mbele ya wageni," akasema.

"Bibi, nilikuwa zahanati. Kuna mama alikuwa anazaa. Naomba nifundishe sasa, hata jioni."

"Kazi yako ni baada ya masomo," akasema Bibi Mkuu. "Nani alikuruhusu kwenda asubuhi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama kuona kama anakumbuka. Uso wake ulikuwa safi kabisa, kama wa mtu asiyewahi kuniambia kitu.

"Sista aliniita."

Sista akaitwa. Alikuja akijifuta mikono, amechoka, na nilifurahi kumwona, nikijua sasa mambo yatanyooka. Bibi Mkuu akamwuliza kwa Kiingereza kama yeye ndiye aliyenizuia. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kulielewa jibu lake.

"Sikumfungia mlango," akasema Sista. "Angeweza kwenda wakati wowote."

Inspekta akaangalia saa yake. Alikuwa na safari. Akafunga daftari, nikaambiwa nikajisafishe.

Sikulia. Nilikwenda nikaimwaga ile sahani nyuma ya jiko, kuku wakala mbegu zangu zote, zilizoota na zisizoota. Rafiki yangu Mndali alitoka jikoni akanikuta nimesimama pale. Nilipomweleza, alivua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka kichwani pangu kama kata ya kubebea mtungi, tukacheka kama wendawazimu. Halafu akasema, "Mwandikie mama yako." Ndipo nikalia.

Siku tatu baadaye nikaambiwa uamuzi wa chuo. Kwa kuwa sikuhudhuria mtihani, nitarudia mwaka mzima. Na kwa kuwa msaada nilioahidiwa ulikuwa wa miaka miwili tu, mwaka wa tatu nitaulipia kwa kufanya kazi saa nne kwa siku badala ya mbili, zahanati.

Nilimwandikia mama yote, naye akaja Jumatatu iliyofuata. Alipanda lori la mahindi mpaka njia panda, kisha akapandisha mlima kwa miguu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, na hakukubali kupumzika. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua chumvi na kuulizana habari, hakikumtosha kwa jambo kama lile. Bibi Mkuu alitukaribisha ofisini, akatazama huku na huku, akagundua kwamba hakuna wa kutafsiri ila mimi.

"Mwambie mama yako ninasikitika," akaanza.

Mama hakungoja. Alisema kwa Kinamwanga, polepole, akinipa nafasi ya kufuata. Nami niliyazoea maneno makali, nilijua namna ya kuyalainisha yakapita bila kumchoma mtu. Siku ile sikulainisha hata moja.

"Mama anasema: nilimleta mwanangu asome. Kama mlitaka mkalimani, mngesema mnatafuta mkalimani, tungepatana kwa hilo.

"Mama anasema: yule mwanamke aliyezaa hapa ni wa kwetu. Wamempitisha kijijini wakimrudisha nyumbani, na mtoto. Mwenyewe ametuambia mwanangu alimshika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Sasa mnamwadhibu kwa kosa gani?"

Bibi Mkuu akavua miwani. "Mwambie mama yako kwamba chuo kimekusaidia kwa miaka miwili bila malipo."

Nikatafsiri. Mama akanigeukia.

"Amesema amekusaidia? Neno hilohilo?"

"Hilohilo, mama."

Akamgeukia Bibi Mkuu. Kisha akasema, nami nikasema: "Mama anasema: mimi nikiwaita majirani kunilimia shamba, wakalima, nikawapikia, siwezi kesho yake kupita njiani nikitangaza kwamba nimewasaidia. Watanicheka. Kwenu hamna aibu hiyo?"

Uso wa Bibi Mkuu ukawa mwekundu mpaka shingoni. "Mwambie asipaze sauti."

"Hajapaza sauti, Bibi," nikasema. "Mimi ndiye ninayepaza."

Nilikuwa nimeshasema. Nikaendelea, sasa kwa niaba yangu mwenyewe. Nikamkumbusha siku niliyokuja na mikono imefungwa mbele, na maneno aliyoniambia kuhusu wagonjwa na saa, neno kwa neno, maana mkalimani hujifunza kukumbuka. Hakukana. Hakukubali pia. Alichukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena.

Mwishowe akasema Inspekta atarudi baada ya mavuno, naweza kufundisha mbele yake wakati huo, hakuna haja ya mwaka mzima. Lakini kwa kuwa masomo nimeshayamaliza, nitakaa zahanati asubuhi na jioni.

Nikamtafsiria mama. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Mama anasema hapana. Saa mbili, kama mlivyopatana. Saa zilizobaki atakaa na vitabu vyake. Na kengele ikilia asiitwe na mtu."

Ikawa hivyo. Nilivua kaniki mlemle ofisini nikaiacha juu ya kiti, na hakuna aliyenirudishia. Lakini wenzangu watano waliendelea kuivaa mpaka siku ya kuondoka, na wasichana waliokuja baada yetu waliivaa, na hilo linaniudhi mpaka leo: kwamba nilipata nafuu yangu peke yangu.

Kwa Sista nilirudi. Tulifanya kazi miezi ile yote bila kulitaja jambo lile. Siku moja, tukichemsha vyombo, alisema kwa Kiswahili chake cha vipande kwamba siku ile alikuwa amechoka sana. Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Nikamwambia maji yamechemka.

Inspekta alirudi mvua zilipokwisha. Wenzangu walikuwa wameshaondoka na vyeti vyao, binti wa karani akiwemo, wameshapangiwa shule. Mimi nilisimama peke yangu mbele ya darasa la pili, na wazee wawili wa kanisa wamekaa nyuma na Bibi Mkuu. Inspekta alifungua daftari lake, akauliza kwa nini nilikosa mara ya kwanza.

"Alikuwa mgonjwa," Bibi Mkuu akajibu haraka, kwa Kiswahili, mbele ya wote.

Inspekta akaandika.

"Sikuwa mgonjwa," nikasema.

Kalamu ikasimama. Watoto wakanitazama. Bibi Mkuu akatazama dirisha.

"Nilikuwa zahanati, nikitafsiri. Bwana uliniona siku ile barazani."

Aliniangalia kwa muda, nadhani akiitafuta ile aproni yenye damu kichwani mwake. "Anza somo," akasema. Lakini sikuona kalamu ikirudi kufuta.

Nilifundisha hesabu za kutoa kwa kuazima, na nilifundisha vizuri. Darasa zima lilinyoosha mikono. Nilipata cheti changu, na mwezi uliofuata nikapangiwa shule ya nyasi yenye walimu wawili, bondeni, ambako nusu ya watoto walikuwa hawajui neno la Kiswahili, nami nikafaa.

Miaka michache baadaye, bado bendera ya Mwingereza ikipepea, niliomba kupandishwa daraja. Niliitwa Mbeya. Afisa wa elimu, Mwafrika mwenzangu, kijana mpole, alikuwa na jalada langu mezani. Wale niliosoma nao walikuwa wameshapanda, kwa sababu walianza kazi kabla yangu.

"Mwalimu, hapa naona ulichelewa kumaliza," akasema. "Wameandika ugonjwa. Ulikuwa unaumwa nini?"

Nilimsimulia yote, nimesimama, tangu kijikaratasi cha mlinzi mpaka chai ya barazani. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alifuta paji la uso.

"Pole sana, mwalimu," akasema. "Ila kilichoandikwa humu siruhusiwi kukifuta."

"Basi ongeza," nikamwambia. "Karatasi si ipo?"

Aliangalia mlangoni, akaangalia jalada, akachovya kalamu kwenye wino. Nilivuta kiti nikakaa, nikaanza kumtajia upya, taratibu, ili asiruke kitu.